Kupe wa mbwa: kuogesha dawa, matone, kola au kidonge? Na paka nnaye

BarazaniKigamboni
Wakuu habari za leo. Nna mbwa wawili, Jemani Shepadi mmoja na wa kienyeji mmoja, na paka jike ambaye analala nao humohumo barazani. Tangu masika yakatike kupe wamefurika, ukimshika mbwa sikio unawakuta wamejipanga ndani, wengine wamejibana katikati ya vidole. Nawaogesha dawa ya maji kila baada ya wiki mbili lakini wakikaa siku chache wanarudi vilevile. Duka la dawa za mifugo wananiambia kuna matone ya kupaka mgongoni, kuna kola, kuna kidonge. Nataka kitu cha mwaka mzima maana huku pwani kupe hawana likizo. Kipi kinalipa?

MamaWatatu_Tanga
Mi bado niko na dawa ya kuogesha, ile ya amitrazi, kwa sababu nna mbwa watano na kidonge kwa mbwa watano ni hela nyingi sana kwa mkupuo. Inafanya kazi ila watu wengi wanaikosea, wanakadiria kwa macho badala ya kupima, au wakimaliza wanamsuuza mbwa. Ile haisuuzwi, unamwogesha kwanza na sabuni ya kawaida, unamkausha, ndo unampaka dawa uliyoichanganya vizuri afu unamwacha akauke mwenyewe kivulini, hakikisha hajirambi. Vaa glovu. Ubaya wake akinyeshewa au akiingia baharini kazi inaanza upya. Na paka usimguse nayo kabisa, ni sumu kwake.

Kliniki_Arusha
Nafanya kazi kliniki ya wanyama, naomba nianze na huyo paka kabla hatujafika kwenye bei. Soma lebo ya kila dawa unayonunua, ukikuta neno permethrin isikae nyumba moja na paka anayelala na mbwa, hata kama umempaka mbwa peke yake, maana paka atamlamba au atajisugua kwake ikiwa bado mbichi. Mwili wa paka hauwezi kuivunja hiyo dawa. Wanaletwa kwetu wanatetemeka, masikio yanachezacheza, misuli inaruka, wengine wako kwenye degedege. Ikitokea mwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, mkimbize kliniki, usimpe maziwa wala mafuta.

Sasa kidonge. Kile cha fluralaneri kinakaa wiki 12, anakula pamoja na chakula, aoge baharini akitaka haijalishi kwa sababu dawa iko kwenye damu. Kupe lazima aume ndo afe, kwa hiyo bado utawaona kupe mwilini siku za mwanzo, usiseme dawa feki. Mbwa mwenye historia ya kifafa tuulize kwanza. Matone mengi ni ya mwezi, na usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada.

Nyali_Kwetu
Hapa Mombasa mie natumia kola, ile nzuri ya miezi 8. Ukigawanya bei kwa miezi inatoka rahisi kuliko kidonge. Lakini mbwa anayeogelea kila wikendi au kuogeshwa mara kwa mara muda wake hupungua. Mvalishe vizuri, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na iguse ngozi sio manyoya tu. Na nunua kwa daktari, feki zimejaa sokoni, zina harufu kali na kupe wanatembea juu yake.

Juma_wa_Mbezi
Mbona mnazunguka, huku kwetu bwana mifugo anapita anawachoma sindano ya ivamektini bei poa.

Kliniki_Arusha
Juma, hiyo kwa kupe wa mbwa haitoshi, na mbwa wa aina ya Collie na jamaa zake inaweza kuwaua kwa dozi ya ng'ombe hiyo. Kwa heshima kabisa, acha.

FundiBanda
Hakuna aliyegusa banda. Huyu kupe wa kahawia anaishi nyumbani kwako. Jike akishiba anashuka, anapanda ukutani, anaingia kwenye nyufa na kutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo wale unaowaona sikioni ni sehemu ndogo tu. Angalia nyuma ya fremu ya mlango, chini ya dari, kwenye viungo vya matofali, usiku pita na tochi utawaona. Ziba nyufa kwa saruji, matandiko ya zamani choma, pulizia dawa ya banda mbwa na paka wakiwa nje mpaka ikauke, urudie baada ya wiki mbili tatu maana mayai hayafi kwa mara moja. Usipofanya hivyo utanunua vidonge hadi uchoke.

Kliniki_Arusha
Fundi kasema kweli. Nyongeza kwa mwenye Jemani Shepadi, hao homa ya kupe inawashika vibaya kuliko wengine. Mfungue mdomo kila wiki, fizi zikipauka, au ukiona damu puani, au mkojo rangi ya chai ya rangi, usisubiri kesho. Ikikutwa ni ile ya Ehrlichia, bakteria wanaoletwa na kupe, dawa ni doksisaiklini ya karibu wiki 4, na watu wanaikatisha siku ya tano mbwa akianza kula.

Wangeci_Nai
Na mkiwa huko kliniki msisahau chanjo ya kichaa cha mbwa, paka naye. Akikuuma mnyama usiyemjua osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

BarazaniKigamboni
Shukrani sana wote. Kidonge kwa mbwa wote wawili, jumamosi fundi anakuja kuziba nyufa. Paka nitamchukulia matone ya paka, ila nikimweka kwenye mzani anaruka, uzito nitaujuaje?

Kliniki_Arusha
Jipime wewe peke yako, kisha mbebe ujipime tena, tofauti ndo uzito wake. Na kama ana mimba au ananyonyesha tuambie kabla ya kununua.