Tulihesabiwa Agosti 2022, mpaka leo kijiji hakina mtendaji wake

Wakuu, mnivumilie. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira.

Jana mdogo wangu wa kike karudishiwa fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Kosa lililoandikwa: muhuri si wa kijiji alichojaza. Na kweli si wenyewe. Mtendaji anayetuhudumia ni wa kijiji jirani, sisi anatukaimia tu. Siku binti alipompata, muhuri wetu ulikuwa umefungiwa kwenye droo, ufunguo anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani kata nyingine. Mtendaji akamgongea muhuri alionao mfukoni. Binti alikuwa ameshafuata saini hiyo mara tatu, bodaboda elfu kumi na mbili kwenda na kurudi, mama kauza mahindi kipindi ambacho hakuna mwenye akili anauza mahindi. Sasa kapewa siku chache arekebishe, na mtendaji yuko semina wilayani mpaka Ijumaa.

Mtendaji wetu mwenyewe alihamishwa mwanzoni mwa 2021. Hakuletwa mwingine. Tuliambiwa ni kwa muda.

Halafu ikaja sensa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nyumbani. Karani alikaa barazani kwetu karibu saa nzima na kishikwambi chake, akauliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, akauliza umri, elimu, kitambulisho, choo, maji, kuku, mbuzi. Bibi yangu alijibu yote kwa heshima, hata ya watoto wake waliokufa. Kabla ya hapo walipita watu wa anwani za makazi, wakaacha namba mlangoni. Tuliambiwa misikitini, makanisani na mikutanoni: jitokezeni mhesabiwe, serikali ipange maendeleo yenu. Tukajitokeza. Matokeo yakatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo: Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Watu milioni 16.8 ndani ya miaka kumi, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Karibu theluthi mbili ya Watanzania wote wako vijijini.

Nauliza, hao watu milioni 16.8 wanagongewa barua zao na nani?

Maana anayekaa mjini anaweza kudhani mtendaji wa kijiji ni karani mdogo wa kuandika barua za utambulisho. Hapana. Huyu ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Yeye ndiye anaandika muhtasari, anatunza rejista ya wakazi, ni mlinzi wa amani, anasimamia makusanyo, anaandaa taarifa ya mapato na matumizi ya kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Na mkutano mkuu ndio kikao cha kila mkazi aliyefikisha miaka 18, unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu umefanyika mara moja mwaka jana, na ulifanyika kwa sababu kulikuwa na mgeni anapita. Taarifa ya mapato haikusomwa. Tulipouliza tukajibiwa anayekaimu hakukabidhiwa vitabu. Kwa hiyo michango ya boma la zahanati, ambayo kila kaya ilitoa, haina mtu wa kuieleza. Boma lenyewe limefika kwenye lenta, ndani yameota majani.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni ardhi.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba yetu, na haiwezi kumpa mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Hiyo ndiyo kinga ya mtu masikini. Sasa niambieni, mkutano usipoitishwa, kinga iko wapi? Kwetu kuna eneo la malisho lililotengwa tangu enzi za vijiji vya ujamaa, wazee wanaijua mipaka yake mti kwa mti. Msimu uliopita tumekuta watu wamesafisha wanalima, wana karatasi yenye saini na muhuri. Kikao kilichowapa hakuna aliyekihudhuria. Wafugaji wakahamishia ng'ombe bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na kilichofuata mnakijua, watu wawili walilazwa. Mtendaji anayekaimu anasema hajui karatasi hiyo ilitoka wapi. Ninamwamini. Atajuaje, wakati anakuja kwetu Jumanne na Alhamisi, akiwahi sana saa nne, na saa nane boda yake imeshageuza? Simlaumu hata kidogo. Ana vijiji viwili, mshahara mmoja, na mafuta ananunua mwenyewe.

Huko nyuma, mwaka 2018, tulifanya kila kitu kwa utaratibu. Kijiji kimekua, kitongoji kimoja kiko ng'ambo ya mto na masika hakifikiki. Mkutano mkuu ukapitisha kijiji kigawanywe. Muhtasari ukapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukapita. Kutoka hapo ulitakiwa kwenda Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ya Mkoa, mpaka kwa waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Uchaguzi wa 2020 ukaja, diwani akabadilika, na muhtasari wetu haujaonekana tena. Mpya tuliambiwa tuandike. Uandikwe na katibu gani?

Baadaye jibu la serikali tukalisikia bungeni, na limerudiwa mara nyingi: kwa sasa kipaumbele ni kuimarisha maeneo ya utawala yaliyopo kabla ya kuanzisha mapya. Wakuu, mimi jibu hilo nalikubali. Nalikubali kwa moyo wote. Nimeona wilaya zikigawanywa, likajengwa jengo la mkuu wa wilaya, likaja na gari, na kule kijijini hakuna kilichosogea hatua moja. Mwaka 2019 ilibidi itolewe amri ya juu kabisa ndipo halmashauri zilizokuwa zinaendesha wilaya za vijijini zikiwa na ofisi mjini zihamie kwa watu wao. Morogoro Vijijini ikaenda Mvuha, Sumbawanga ikaenda Laela. Miaka yote hiyo mwananchi wa kijijini alikuwa anavuka wilaya yake kwenda mjini kuitafuta ofisi yake. Kwa hiyo sidai wilaya mpya, sidai hata kijiji kipya. Mmesema mnaimarisha kilichopo. Kijiji chetu kipo. Kimesajiliwa, kina ofisi, kina muhuri, kina mwenyekiti aliyechaguliwa. Kiti cha mtendaji kipo na kina vumbi. Kiimarisheni hicho kwanza.

Nimeenda wilayani mara mbili kwa ajili hiyo. Utumishi wakanituma kwa mkurugenzi. Kwa mkurugenzi nikaambiwa nafasi zinasubiri kibali cha ajira, nirudi kwa diwani alisemee kwenye baraza. Diwani akasema ameshalisema. Nikaenda ofisi ya mkuu wa wilaya siku ya kusikiliza kero, nikaandikisha jina, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, saa tisa tukaambiwa mkuu ana ugeni. Mzee mmoja tuliyekaa naye alikuwa ametoka kilomita zaidi ya tisini kwa kesi ya mpaka wa shamba. Alilala stendi. Mzee wa miaka sabini na kitu!

Katiba yetu ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wetu wanakumbuka zilivyofutwa mwaka 1972 na zilivyorudishwa kwa sheria za 1982, na wanasema zilirudishwa kwa sababu mambo ya kijiji hayawezi kuamuliwa na mtu asiyekijua kijiji. Sasa madaraka yameletwa hadi kwetu kwenye makaratasi, ila mtu wa kuyashika hayupo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini tusichague mtendaji wetu wenyewe. Tunayemchagua ni mwenyekiti wa kijiji, wa vitongoji na wajumbe, ndio tuliopiga kura Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, hatuna uwezo wa kumweka wala kumtoa. Na mwenyekiti wetu ni mtu mzuri, anajitahidi, lakini hawezi kuwa mwenyekiti wa kikao na katibu wa kikao hichohicho.

Na wewe uliyesema "kijana wa kijijini mwenye kidato cha nne akaimu": tuna vijana saba wenye sifa hiyo na zaidi, wawili wana diploma ya serikali za mitaa kutoka chuo cha Hombolo. Mmoja anauza vocha. Tuliandika barua kuwapendekeza, tukajibiwa kwamba anayekaimu lazima awe mtumishi.

Fomu ya binti inafungwa Jumapili. Ijumaa alfajiri nitakuwa mlangoni kwa mtendaji, ufunguo wa droo nimeshauomba kwa mwenyekiti na ninao. Ninachoomba kwenu ni kimoja: aliyewahi kufuatilia muhtasari uliopita Kamati ya Maendeleo ya Kata ukapotelea njiani, anieleze ni dawati gani wilayani linalotunza nakala, na nikiufuata nibebe nini.