Vyoo vya kuvuta viko kwenu juu, kinyesi kinakuja kwetu chini!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Huku Sebei, mashariki mwa Uganda, ubavuni mwa Mlima Elgon, tuliletewa maji ya bomba tukapiga vigelegele. Bomba likaleta vyoo vya kuvuta, vyoo vikaleta nyumba za wageni zenye bafu la maji moto, na hadi leo hakuna kiongozi aliyetuambia maji hayo yakishatumika yanakwenda wapi. Acha niwaambie mimi ninayekaa chini: yanakuja kwangu.

Ukiuliza unajibiwa, "Kila jengo lina tangi la septiki." Septiki ndiyo nini, jamani? Ni tangi la kutuliza uchafu tu. Mazito yanazama, mafuta yanaelea, na maji yanayotoka upande wa pili bado yamejaa vijidudu, yanangoja udongo uyachuje. Sasa ardhi yenyewe imeinama kama paa. Ukichimba shimo la kupoteza maji kule juu, yanatokeza kwenye kahawa ya jirani wa chini, au kwenye chemchemi. Mvua za Machi hadi Mei ndiyo balaa kabisa. Wenye majengo wanasubiri zianze kupiga mabati, wanafungulia tangi, mtaro unabeba vyote. Asubuhi watoto wako mtoni na jerikeni zao za njano. Halafu tunahubiriwa kunawa mikono!

Na gari la kunyonya vyoo? Linapanda kutoka tambarare, kwa bei ambayo mama mwenye choo cha shimo hawezi hata kuiuliza. Mabwawa ya kusafisha maji taka yako Mbale huko chini. Dereva akipiga hesabu ya mafuta, anaona korongo liko karibu zaidi. Gari hilo limeonekana usiku likirudi kinyumenyume hadi ukingoni. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alipopelekewa habari akataka ushahidi. Ushahidi unanuka, mzee!

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo za mito zinalinda mita 30 hata kwa mto mdogo. Kuna jengo huku ukirusha mfupa dirishani unatumbukia majini. Kibali lilipewa na nani?

Na msiniambie hakuna pesa ya mtambo kama wa Lubigi, Kampala. Nani kaomba Lubigi? Ule ulijengwa kupokea mita za ujazo 5,000 za maji taka kwa siku. Sisi ni mji wa barabara moja. Tunataka tangi la pamoja la kutuliza, na chini yake bwawa la kokoto lililopandwa matete, maji yapite humo taratibu. Pampu ya nini wakati mlima wenyewe unasukuma? Bwawa hilo lijengwe kubwa kidogo kuliko la tambarare, maana baridi inavifanya vijidudu vinavyokula uchafu kuwa vivivu. Tope la vyoo nalo lipate mahali pa kukaushiwa hapa hapa, dereva akose kisingizio.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Diwani wetu, najua unapita humu kimyakimya: kwenye bajeti yenu kuna shilingi ya maji taka, au hakuna? Jibu hapa, mbele ya watu.