Mjadala: Anayejitolea kuandika programu ya bure, anadaiwa hadi usingizi wake?

Mleta mada (Nyegezi, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni, nimeona nililete hapa tulichambue.

Huu ni mwaka wa nne tuko watu 6 tunaotunza programu ya hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii na mgao wa mwisho wa mwaka. Ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote ausome, aunakili, aubadilishe, autumie bila kulipa hata senti. Hatuna mfadhili wala ofisi. Tunafanya kazi usiku na Jumamosi, kila mtu na bando lake. Wawili kati yetu sijawahi kuwaona kwa macho, mmoja yuko Kisumu na mwingine Bukoba.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Siku hizi simu ikiita saa 11 alfajiri moyo unanipasuka. Wiki iliyopita mweka hazina wa kikundi kimoja aliniandikia: "Nyie wezi, hela zetu ziko wapi?" Hela zao zilikuwepo zote, yeye ndiye aliyeingiza faini moja mara mbili. Nilikesha mpaka saa 7 usiku nikilitafuta kosa lake, asubuhi nikachelewa kwenye ile kazi inayonilisha. Nilipomtumia jibu, hakurudi hata kusema "nimeona".

Wenzangu wawili wamenyamaza tangu Pasaka. Hawakuaga, wamepotea tu.

Pendekezo langu: kila mwaka Desemba nzima mradi ufungwe. Tusijibu swali, tusipokee marekebisho, tusitoe toleo jipya. Waliobaki tumegawanyika nusu kwa nusu. Najua kuna watakaoniambia kutoa ni moyo. Sawa, ni moyo, ila ndio huohuo unaonienda mbio simu ikilia. Karibuni kwa hoja.

Katibu wa kikoba (Buswelu)

Pole sana dada. Lakini Desemba? Kati ya miezi yote 12 umeiona Desemba?

Desemba ndiyo tunavunja kikoba! Wanachama 30 wamekaa chini ya mwembe, kila mmoja ameshapiga hesabu yake kichwani, wengine wameshaigawa kwa ada za Januari kabla hawajaishika. Programu ikigoma siku hiyo, wewe uko Nyegezi umezima simu. Wa kuzongwa ni mimi. Na tusisahau tulikotoka: mimi nilikuwa na kaunta buku langu, limechanika jalada lakini halikuwahi kunigomea. Ninyi ndio mlikuja na semina mkasema tuachane na madaftari. Mtu akikupakia mtumbwini kwake bure hawezi kukushusha katikati ya ziwa kwa sababu hukulipa nauli.

Mwajiriwa wa programu (Isamilo)

Mimi naandika programu kwa mshahara, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili wa meza. Tatizo hapa ni pesa, mengine ni mapambo.

Aprili 2014 liligunduliwa tundu linaloitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa inalinda siri za tovuti nyingi sana duniani. Watu walipochungulia nani anaitunza, wakakuta michango iliyokuwa ikiingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka, na aliyekuwa akiifanyia kazi muda wote ni mtu mmoja. Makampuni makubwa yalikuwa yameegemea ukuta huo miaka yote bila kuuliza fundi anakula nini. Baada ya aibu ndipo yakakusanya pesa kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia programu huria. Desemba 2021 ikawa hadithi ileile kwa Log4j, programu huria nyingine: wa kujitolea wanaziba tundu usiku na mchana, wenye faida wanawapigia kelele waharakishe.

Kila kikoba kitoe shilingi 10,000 kwa mwaka, muone kama mtu atanyamaza.

Mleta mada

Tulijaribu mkuu. Mwaka juzi tulichangisha, ikapatikana laki 2 na elfu 80. Tukaanza kuulizana: apewe anayeandika msimbo au anayepokea simu? Aliyeanzisha au aliyefanya kazi nyingi mwaka huu? Hiyo laki 2 na 80 ilitugombanisha kuliko miaka yote ya bure. Mwishowe tulilipia seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayobeba programu, iliyobaki ipo, hakuna anayetaka kuigusa.

Mbishi wa Igoma

Mbona mnazunguka mbuyu? Leseni ya programu kama hizi inasema unaichukua kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Kisheria dada hadaiwi chochote. Azime simu alale.

Na muwe wapole na watu hawa maana wakichoka wana njia nyingi za kuondoka. Januari 2022 mwandishi wa maktaba mbili za lugha ya JavaScript, colors na faker, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitumia, alizivuruga mwenyewe kwa makusudi, akiwa alishalalamika kwamba hatayafanyia makampuni makubwa kazi ya bure. Programu kibao zikaanza kutapika takataka kwenye skrini. Simuungi mkono. Lakini namwelewa.

Katibu wa kikoba (Buswelu)

Hayo ya leseni waambie wenye kampuni. Mama muuza dagaa wa Kirumba hajasoma leseni, alimsoma dada usoni siku ya semina akamwamini.

Muuguzi (Bugando)

Niseme kidogo kisha niwaachie. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi kama hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zilizotajwa ni 3: nguvu kuisha, kuikinai kazi na kuiona chungu, na kujiona huna unachofanikisha. Maelezo hayo yanahusu kazi za ajira. Ila kwa ninavyoona, mnaojitolea mna hali ngumu zaidi katika jambo moja: zamu yangu mimi ikiisha anakuja mwenzangu, namkabidhi wodi, naondoka. Dada, wewe zamu yako inaisha saa ngapi? Unamkabidhi nani?

Mkono ukitetemeka kila simu ikiita kwa wiki kadhaa, usingizi nao ukikimbia, nenda ukamwone daktari. Hilo halisubiri mjadala uishe.

Mtoto wa mvuvi (Igombe)

Nyumbani tumelelewa na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa inawekwa majini, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaifuata, wavu unawafuata. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa yako haina maana, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kama 10 za mbalamwezi ambazo mitumbwi ya dagaa inalala. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanawaona watoto wao mchana. Sijawahi kusikia mnunuzi amemwita baba mvivu kwa sababu ya mbalamwezi. Anaijua tangu mwanzo, anapanga mzigo wake.

Kosa la dada ni kusubiri achoke mwaka mzima ndipo afunge duka kwa hasira, tena msimu wa mavuno. Fungeni kidogo kila mwezi, siku zinazojulikana.

Mzee wa Magu

Mwangaluka wanangu. Mimi hizo programu sizijui, mjukuu ananisomea. Lakini kazi ya kujitolea naijua.

Usukumani vijana walikuwa wakienda kulima shamba la mtu kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Hiyo ndiyo bugobogobo mnayoiona sasa kwenye sherehe. Walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Yeye ndiye aliyejua nani kalima jana, nani apumzike, shamba lipi lifuate. Na mwenye shamba alikuwa anapika! Hukuweza kuita vijana wakulimie ukakaa kivulini kuwahesabia matuta yaliyopinda. Katibu wa Buswelu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe na hiyo programu una miaka mingapi?

Katibu wa kikoba (Buswelu)

Mitatu, mzee. Hapo umenipata.

Aliyenyamaza (Bukoba)

Nimesoma yote nikasema nipite. Nimeshindwa.

Mimi ni mmoja wa wale wawili "waliopotea tu". Dada mleta mada namheshimu, asichukulie vibaya. Lakini mimi sikuchoshwa na vikoba. Sijawahi kupigiwa simu na katibu hata mmoja. Nilichoshwa na wewe.

Januari nilituma marekebisho ya ukurasa wa mikopo, kazi ya usiku 9. Ulikaa nayo wiki 11. Nikiuliza, kimya. Siku uliyojibu uliandika mstari mmoja mbele ya watu wote: "Hii imeandikwa na mtu aliyelala?" Kisha ukaiandika upya mwenyewe. Ni kweli yako ilikuwa bora. Baada ya hapo kila nikifungua kompyuta naliona lile swali.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa matusi aliyokuwa akiwarushia wachangiaji, akakaa pembeni kwa muda akajitafakari. Wewe unalalamika kwamba kila kitu kinakuangukia. Funguo za kutoa toleo, yaani ruhusa ya kulitangaza, unazo wewe peke yako. Seva, wewe. Namba ya simu kwenye tangazo, ya kwako. Tuliomba tugawane mara mbili, ukasema "mtaharibu". Desemba ukifunga, utakuwa umefunga nini? Si wewe ndiye mradi?

Mbishi wa Igoma

Mh.

Mwajiriwa wa programu (Isamilo)

Kabla hamjamsulubu dada kwa habari ya funguo, kumbukeni kisa cha xz. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux. Ilitunzwa miaka mingi na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaanza kushinikizwa: mbona huendi haraka, mwachie mwingine. Akajibu waziwazi kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi yenyewe hailipwi. Pembeni alikuwepo msaidizi mpole, mchapakazi, akijiita Jia Tan. Taratibu akakabidhiwa funguo. Februari 2024 msaidizi huyo akapenyeza mlango wa siri ndani ya toleo jipya. Ulikamatwa mwezi uliofuata kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH, njia salama ya kuingilia, kunachelewa nusu sekunde akataka kujua kwa nini. Wengi wanaamini hata wale waliokuwa wanamshinikiza mzee wa watu walikuwa genge moja na msaidizi.

Kwa hiyo mtunzaji aliyechoka ni hatari kwa wote, na funguo kuzigawa ovyo ni hatari vilevile. Katikati hapo ndipo penye kazi.

Mtoto wa mvuvi (Igombe)

Lakini Jia Tan alikuwa mgeni. Huyu wa Bukoba wamefanya naye kazi miaka.

Mleta mada

Nimekaa na ujumbe wa Bukoba tangu jana. Niliandika majibu matatu ya kujitetea nikayafuta.

Lile swali nililiandika. Nalikumbuka. Ilikuwa siku ile niliyotukanwa na vikundi viwili, nikaja kumalizia kwako, wewe ambaye ulikuwa umeniletea msaada. Wiki 11 ni kwa sababu niliogopa kuifungua kazi yako, nilijua itahitaji akili ambayo jioni sina. Ningeweza kukwambia hivyo kwa mstari mmoja. Nisamehe.

Niliyoyachukua hapa, na wenzangu wa hapa Mwanza tumekubaliana tujaribu hadi Juni: Desemba hatufungi, katibu kashinda. Tutafunga siku 7 kila mwezi wakati wa mbalamwezi, tarehe zitabandikwa za mwaka mzima. Namba yangu inatoka kwenye tangazo. Funguo za toleo zitakuwa kwa watu 3 tunaofahamiana, na toleo halitoki mpaka wawili wamelikagua. Mengine bado tunabishana, hasa ile pesa iliyobaki.

Katibu wa Buswelu, maswali ya faini na mgao unayajua kuliko mimi. Jembe lako hilo.

Katibu wa kikoba (Buswelu)

Nimelipokea. Wa Buswelu na Kisesa waje kwangu kwanza, jioni, si alfajiri. Na mtu akianza na neno "wezi" ninamkata.

Mleta mada

Wabeja. Na wa Bukoba, ukurasa wako wa mikopo ule wa kwanza bado ninao. Ulikuwa na njia ya kukokotoa riba ya mkopo uliocheleweshwa ambayo mimi niliiruka, na vikundi viwili vimeshaiulizia. Ningependa uirudishe wewe kwa mkono wako.

Aliyenyamaza (Bukoba)

Nimeona, dada. Ngoja kwanza mbalamwezi ipite.