Tupeane uzoefu: dodoso la watumishi wa serikali za mitaa linaharibikia wapi?

Masijala
Wadau, salaam. Lile dodoso la kuwauliza watumishi wa halmashauri taasisi yao inafanyaje kazi mnalijua. Linagawiwa, linakusanywa, ripoti inatoka na chati za rangi, kila idara imepata 4 kwa 5. Ukienda dirishani, mwananchi anafuatilia faili lile lile wiki ya tatu. Mliozoea kuandaa, kugawa na kuchambua, semeni linaharibikia hatua ipi. Msifupishe.

BiTakwimu
Kabla halijagawiwa. Linaharibikia kwenye maswali.

Chukua swali linaloonekana karibu kila dodoso: "Unaridhika na uongozi na vitendea kazi?" Hayo ni maswali mawili. Anayempenda mkuu wake lakini hana kompyuta atajibu nini? Ataweka 3, na hiyo 3 haina maana yoyote.

Halafu kuridhika kwa mtumishi si utendaji wa taasisi. Mtu anaweza kuridhika sana mahali ambapo kazi haifanyiki. Ukitaka utendaji, muulize alichokiona kwa macho yake, ndani ya muda uliotajwa: "Katika miezi 3 iliyopita, kazi yako ilisimama mara ngapi kwa kukosa mafuta, karatasi, mtandao au saini?" Majibu: haikusimama, mara 1–2, mara 3–5, zaidi ya 5. Swali linalofuata: "Mara ya mwisho iliposimama, ilikuwa kwa sababu ipi?" Hapo mkurugenzi anapata kitu cha kushika.

Na neno "taasisi" ni mtego. Dereva akisoma "taasisi yako" anafikiria gereji na ofisa usafirishaji. Mwalimu anafikiria shule. Mhasibu wa makao makuu anafikiria halmashauri nzima. Wote wamejibu swali moja, wamepima vitu vitatu. Hilo hutaligundua kwenye kompyuta. Utaligundua ukiwakalisha watu 8 hadi 10 wa kada tofauti kabla ya kuchapa, ukamwambia kila mmoja: nisomee swali, kisha niambie kwa maneno yako linauliza nini. Ni kazi ya siku mbili.

Urefu: maswali 25 hadi 35, dakika 15 basi. Zaidi ya hapo ukurasa wa mwisho unajazwa kwa kuchoka.

KalamuNyeusi
Hapo kwenye "taasisi" umegonga penyewe. Kila sehemu ianze na kichwa cha habari: KITENGO CHAKO, IDARA YAKO, HALMASHAURI NZIMA.

MzeeSampuli
Naongezea idadi, maana wengi huokota asilimia 10 hewani. Kanuni ya haraka: n = N ÷ (1 + N × e²); n ni watu wa kuwauliza (sampuli), N ni watumishi wote, e ni kosa unalokubali. Watumishi 400, kosa la 0.05: 400 ÷ 2 = 200. Watumishi 1,200: 1,200 ÷ 4 = 300. Idadi ya watumishi imekuwa mara 3 lakini sampuli imeongezeka 100 tu. Kwa hiyo kusema "asilimia 10 inatosha kila mahali" ni kosa: kwenye 400 ni watu 40, wachache mno.

DadaSensa
Mzee shikamoo, lakini kwa jambo hili sampuli ya nini? Hawa si wananchi wa wilaya nzima, ni watu walio kwenye orodha ya mishahara. Waulize wote. Ukichagua 300 kati ya 1,200, wale 900 wataanza kuuliza nani kawachagua wale na kwa nini. Tena hizo 300 zinakupa jibu la halmashauri nzima tu. Ukizigawa kwa idara, idara ndogo inabaki na watu 6 au 7.

MzeeSampuli
Marahaba binti. Kuwauliza wote kunafaa pale wote wanapofikika. Kama nusu wako vituo vya mbali, nguvu utakazotumia kutuma karatasi 1,200 ungezitumia kuwafuatilia 300 mpaka 270 wajibu. 270 kati ya 300 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wana thamani kuliko 500 waliojitokeza wenyewe kati ya 1,200, kwa sababu hao 700 walionyamaza hujui walinyamaza kwa nini.

DadaSensa
Kwa hilo nakubali. Chini ya watumishi 500 bado nasema wote.

Uzito
Mnasahau kwamba mahali ambapo walimu na wahudumu wa afya wako chini ya serikali za mitaa, wao ndio wengi. Tufanye mfano wa kubuni. Walimu 780, afya 240, makao makuu 180, jumla 1,200. Unachukua walimu 130, afya 60, makao makuu 90, ili kila kundi lipate watu wa kutosha. Waliosema "vifaa vinafika kwa wakati": walimu 39, afya 30, makao makuu 63.

Ukijumlisha tu: 132 kati ya 280, yaani asilimia 47. Lakini kila mwalimu wa sampuli anawakilisha walimu 6, wa afya anawakilisha 4, wa makao makuu 2. Zidisha: 39×6 = 234, 30×4 = 120, 63×2 = 126. Jumla 480 kati ya 1,200, asilimia 40. Zile pointi 7 ni sauti ya makao makuu iliyopewa kipaza sauti. Na makao makuu ndipo vifaa vinapoanzia kugawiwa.

KalamuNyeusi
Hii nimeinakili.

Kufuli
Jamani, mnahangaika na kanuni wakati mgonjwa yuko chumba kingine. Dodoso linafia kwenye ukusanyaji. Nawapangia inavyokwenda, siku kwa siku.

Jumatatu: barua inatoka juu. "Kila mkuu wa idara ahakikishe watumishi wake wote wanajaza na awasilishe madodoso ifikapo Ijumaa saa 6 mchana." Hapo tayari limeshavunjika, maana anayepimwa ndiye aliyepewa kukusanya.

Jumanne: mkuu wa idara anamkabidhi katibu muhtasi. Kila nakala ina namba kona ya juu kulia, 001 hadi 064. Iliwekwa kwa nia njema, kuhesabu nakala zisipotee. Lakini zinagawiwa kwa kufuata orodha ya mahudhurio. Anayepokea 017 ni jina la 17. Hakuna aliyekusudia ubaya, na usiri umekwisha kabla kalamu haijagusa karatasi.

Alhamisi: yamerudi 41. Mkuu anataka 64. Simu zinapigwa kwa walioko nje. "Niwekee nne nne tu, mimi niko njiani." Anawekewa. Mwingine hapatikani, naye anawekewa.

Ijumaa: madodoso yako mezani, wazi, bila bahasha. Ukurasa wa mwisho unauliza jinsia, umri, cheo, kitengo, miaka kazini. Mmoja ameandika: mwanamke, 30–39, mhandisi, barabara, miaka 6–10. Kwenye idara ile mhandisi mwanamke ni mmoja. Jina la nini tena? Na juu yake, kwenye swali la wazi, kwa mwandiko ule ule unaosomwa kila siku kwenye madokezo ya mafaili, ameandika kwamba gari la kitengo halipatikani siku za ukaguzi wa barabara kwa sababu liko kwenye safari zisizo za kitengo.

Jumatatu inayofuata, kwenye kikao, inasemwa sentensi moja: "Nimeona kuna watu wanaandika mambo." Hataji mtu. Hakuna haja. Kila aliyekaa kwenye kikao kile ataweka nne nne mwaka ujao.

Kwa hiyo ile 4 kwa 5 ya Masijala haisemi kazi inakwendaje. Inasema watumishi wanamuogopa nani.

BiTakwimu
Kufuli, umenyamazisha uzi mzima. Na jalada la dodoso hilo linakuwa limeandikwa "Majibu yako ni siri" kwa herufi nzito.

Masijala
Sasa tiba yake?

Kufuli
Namba ya nakala iondoke. Ukitaka kuhesabu, hesabu rundo: idara hii imepewa 64, zimerudi ngapi. Kila dodoso liwe na bahasha ya gundi, anafunga mwenyewe. Sanduku lenye kufuli likae ukumbini au mapokezi, kamwe lisiwe ndani ya ofisi ya mkuu wala masijala ya idara. Ufunguo akae nao mtu wa nje ya halmashauri, na ndiye afungue na kuingiza takwimu. Taarifa binafsi zisizidi tatu: idara, kada kwa makundi mapana, miaka kazini kwa makundi matatu. Umri na jinsia uliza tu kama una uchambuzi unaozihitaji. Maswali ya wazi yawe kwenye karatasi ya pembeni isiyo na taarifa yoyote binafsi, ikunjwe peke yake.

Mfuatiliaji
Kwa heshima, hapo sikubali. Bila kujua nani hajarudisha utamkumbusha nani?

Kufuli
Wote. Siku ya 4, siku ya 8, na siku mbili kabla ya kufunga. Aliyerudisha asome "kama umesharudisha, asante".

Mfuatiliaji
Wote wakikumbushwa, waliojibu wanakereka. Kwa fomu ya simu unaweka kiungo cha kila mtu, mfumo unakumbusha wasiojibu peke yao, majibu yanahifadhiwa mahali pengine.

DadaSensa
Mtumishi haoni hilo "pengine". Anaona kiungo kimekuja kwa namba yake. Kama unatumia fomu ya mtandaoni, kiungo kiwe kimoja kwa wote, mpangilio wa kukusanya anwani za barua pepe uzimwe, na isimlazimu kuingia kwa akaunti ya kazi. Jaribu mwenyewe kwa simu isiyo ya ofisi kabla ya kusambaza.

Mfuatiliaji
Kiungo kimoja mtu anajibu mara tano.

DadaSensa
Bora watano wa kurudia ninaoweza kuwanusa kuliko mia walionyamaza.

Ugani
Wafagizi, madereva, walinzi, watunza bustani hawana barua pepe ya kazi. Mkiweka mtandao peke yake mmewapima wenye meza. Karatasi ibaki, hata kama ni kwa theluthi ya watumishi. Na asiyesoma vizuri asomewe na mtu wa nje, si msimamizi wake.

KalamuNyeusi
Zile "nne nne" zinatambulikaje?

Uzito
Kwenye jedwali, ambako kila mstari ni mtu mmoja, kokotoa mtawanyiko wa majibu ya kila mstari, yaani yanavyotofautiana; sifuri maana yake yote ni sawa. Maswali 20 ya ngazi tano na mtawanyiko sifuri, weka alama. Fomu ya mtandao: aliyetumia chini ya sekunde 2 kwa swali hakusoma. Kwenye karatasi angalia rundo kama lilivyokuja: wino mmoja, tiki zenye mkia unaoelekea upande mmoja, nakala 8 mfululizo. Usizitupe kimya kimya. Chambua mara mbili, nazo na bila hizo, uandike tofauti.

MzeeSampuli
Wekeni na maswali ya kinyume, mawili matatu. Anayetiki bila kusoma atajipinga.

BiTakwimu
Hapana, Mzee. Soma hili kwa sauti: "Viongozi hawasikilizi maoni." Sasa anayeona wanasikiliza lazima achague "Sikubaliani". Sikubaliani kwamba hawasikilizi. Msomaji makini anajikwaa hapo hapo, na wewe unamhesabu mzembe.

MzeeSampuli
Basi tuseme "Viongozi hupuuza maoni." Hakuna kikanushi.

BiTakwimu
Hilo linapita. Moja tu lakini.

Ugani
Na "Sijui / halinihusu" liwe sanduku la peke yake, mbali na "Siko upande wowote". Mfagizi ukimuuliza kuhusu bajeti ya idara bila hilo, atakimbilia katikati.

Uzito
Kwenye ripoti, msitoe wastani peke yake. Kitengo ambacho wote wameweka 3, na kitengo ambacho watu 20 wameweka 1 na 20 wameweka 5, vyote vina wastani wa 3. Cha kwanza kimepoa, cha pili kimepasuka. Toeni asilimia za kila ngazi.

Na msitoe kundi lenye watu chini ya 10. Angalieni pia hesabu ya kutoa. Idara ina majibu 13, waliosema ndiyo ni 6. Kitengo kimoja kina majibu 10, waliosema ndiyo ni 6. Kitengo cha pili mmekificha kwa sababu ni watu 3. Hamkukificha: 6 kutoa 6 ni sifuri, wote watatu wamesema hapana, na wanajulikana. Mkificha kimoja, ficheni na cha jirani.

Masijala
Na ile tofauti ya dirishani?

BiTakwimu
Mtumishi mara nyingi huipendelea idara yake. Kwa hiyo muulize pia kuhusu idara anazozitegemea: ujenzi wajibu kuhusu manunuzi, manunuzi kuhusu fedha, vituo vya afya kuhusu stoo. Kisha chukua daftari lako, Masijala. Tarehe ombi la kibali lilipopokelewa, tarehe lilipotoka, mafaili 50 ya mwisho. Yaweke kando ya swali la "vibali hutoka ndani ya muda uliopangwa". Yakigongana, umepata pa kuanzia kuuliza. Na dodoso lirudiwe mwezi ule ule kila mwaka, lisiangukie kufunga hesabu, uchaguzi, wala mwezi ambao mishahara imechelewa.

Ugani
Matokeo yarudi kwa watumishi ndani ya wiki 6, ukurasa mmoja kwa idara, ubaoni, hata yakiwa mabaya. Na chini yake mambo mawili yatakayorekebishwa, nani, lini.

Kufuli
Mawili. Wakiandika kumi na mbili, hakuna litakalofanyika.

Mfuatiliaji
Walinzi wa zamu ya usiku hilo sanduku wanalifikiaje? Ukumbi unafungwa jioni.

Kufuli
Liletwe getini saa 12 asubuhi, zamu zinapobadilishana, likae mpaka saa 2. Siku tatu mfululizo, maana kuna wanaokuwa mapumziko.