Michezo ya maandishi kwenye simu na kompyuta: Text Fiction, Fabularium, Parchment, Frotz au Gargoyle?

Kandili_ya_Shaba (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ulinganisho wa programu za kuchezea michezo ya maandishi, ile ya kuandika amri kama Zork I na Anchorhead, pamoja na ile ya kubofya iliyotengenezwa kwa Twine. Vifaa ni simu ya Android yenye memori ya GB 3 na kompyuta ya Linux. Vigezo vitatu: isile bando, sevu isipotee, na mchezo ulioanzia kwenye simu uweze kuendelea kwenye kompyuta. Pia mchezo gani wa kuanzia? Kiingereza cha kusoma kipo, ila maneno ya kuamrisha bado.

Pango_la_Nane
Mkuu, anza na aina ya faili kabla ya programu, maana hiyo ndiyo inayoamua kipi kitafunguka wapi.

Mafaili yanayoishia z3, z5 na z8 ni ya mashine Z, mashine ya kufikirika ambayo Infocom, kampuni iliyouza Zork, waliibuni mwaka 1979 ili mchezo mmoja uendeshwe kwenye kompyuta za kila aina. Faili la z3 halizidi KB 128, la z5 KB 256, la z8 KB 512. Yaani Zork I yote ni ndogo kuliko picha nyingi zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo suala la bando liondoe kichwani. Yanayoishia ulx na gblorb ni ya Glulx, iliyobuniwa na Andrew Plotkin ili kuvuka ukomo huo. gam na t3 ni ya TADS, mfumo mwingine wa kutengenezea michezo hii.

Sasa kwenye simu:

Text Fiction ni nyepesi kuliko zote na inaonyesha mchezo kama meseji za kupokezana. Inafaa sana kwa skrini ndogo. Kasoro yake ni kwamba inaijua mashine Z peke yake, ukiipa gblorb haifunguki.

Fabularium inafungua mashine Z, Glulx, TADS na nyingine kadhaa, bila intaneti. Kwa simu moja ya kuchezea kila kitu, ningechagua hii.

Parchment inaendeshwa ndani ya kivinjari, hakuna kusakinisha. Unafungua iplayif.com, unaipa faili, unacheza. Ila Glulx nzito inasota humo. Counterfeit Monkey ya Emily Short, kwa mfano, kwenye simu ya GB 3 inaweza kukufanya usubiri baada ya amri.

Kwenye Linux ya aina ya Debian au Ubuntu: `sudo apt install frotz gargoyle-free`. Frotz inakaa kwenye terminali na ni ya mashine Z tu. Gargoyle inabeba karibu aina zote na mpangilio wake wa herufi ni mzuri kuliko wa yeyote hapo juu. Ukubwa wa herufi haubadilishwi kwa kubofya menyu, unabadilishwa ndani ya faili la garglk.ini: tafuta `propsize` na `monosize`, halafu ongeza nafasi ya mistari kwenye `leading`. Ukikuza herufi ukaisahau `leading`, mistari itapandana.

Mchora_Ramani
Nakubaliana na mkuu Pango, ila kigezo cha sevu kinahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapolia.

Frotz na Gargoyle husevu mashine Z kwa mpangilio unaoitwa Quetzal. Faili hilo halibebi mchezo, linabeba tofauti tu kati ya hali ya sasa na hali ya mwanzo, ndiyo maana ni dogo sana na linatumwa hata kwa baruapepe. Ndani yake kuna namba ya toleo la mchezo, namba ya mfululizo na hesabu ya uhakiki. Programu ikikuta kimojawapo hakilingani, inakataa kufungua. Kwa hiyo haitoshi kuwa na "Zork I" kwenye simu na "Zork I" kwenye kompyuta. Andika VERSION pande zote mbili. Toleo linalozunguka sana ni 88 lenye mfululizo 840726, na kuna mengine. Njia salama: pakua faili la mchezo mara moja, kisha nakili hilo hilo kwenda kifaa cha pili.

Parchment husevu ndani ya kumbukumbu ya kivinjari. Ukifuta data za kivinjari ili kupata nafasi kwenye simu, sevu zote zimekwenda. Ukicheza kwenye dirisha la faragha, zinaondoka ukilifunga. Kwa mchezo wa wiki mbili, Parchment isiwe chaguo la kwanza.

Kuna njia ya tatu isiyotegemea sevu kabisa: kuweka orodha ya amri. Kila amri kwenye mstari wake ndani ya faili la maandishi, halafu:

`dfrotz -s 42 zork1.z3 < amri.txt`

dfrotz ni Frotz ya maandishi matupu, na hiyo `-s 42` inafunga bahati nasibu. Bila hiyo, mapigano na mwizi wa Zork yatatoka tofauti kila mara na orodha itapotea njia katikati. Orodha nayo lazima iwe imechezwa kwa namba hiyo hiyo tangu amri ya kwanza.

Kandili_ya_Shaba
Shukrani wakuu. Na kurudi nyuma hatua moja je? Kwenye Zork I, UNDO inakataliwa.

Mchora_Ramani
Michezo ya z3 haina amri hiyo ndani yake, ilianza kuwekwa kwenye z5. Lakini programu inaweza kukufanyia: kwenye Frotz bonyeza Alt na U, kwenye Gargoyle andika `/undo` kwa mkwaju mbele.

Na tukiwa hapo hapo kwenye Zork: X kwa maana ya EXAMINE haipo pia. Ila z3 inasoma herufi sita za kwanza tu za kila neno, kwa hiyo EXAMIN inatosha.

Bi_Kiungo
Naona Twine imeachwa mlangoni. Faili la Twine ni ukurasa wa HTML, unafunguka kwenye kivinjari chochote, na kwa mtu ambaye maneno ya kuamrisha bado hajayazoea ndiyo njia rahisi ya kuingilia.

Angalia mchezo umetengenezwa kwa muundo gani. SugarCube ina sehemu ya sevu pembeni, na humo kuna kuhifadhi sevu kama faili kwenye kifaa. Tumia hiyo, usiishie kwenye nafasi za kawaida, maana nazo zinakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Harlowe ina mshale wa kurudi nyuma, lakini haisevu mpaka mwandishi awe ameweka sevu mwenyewe. Kabla ya kuanza hadithi ndefu ya Harlowe, tazama kama neno la kusevu lipo popote. Kama halipo, tenga muda uimalize kwa mkao mmoja. Michezo ya ChoiceScript, mfumo mwingine wa hadithi za kuchagua, iko upande mwingine kabisa: kwa kawaida ukishachagua umechagua, hakuna kurudi.

Pango_la_Nane
Sawa dada, kwa kuanzia nakubali. Lakini utamu wa kuandika amri ni kwamba mchezo haukuorodheshei la kufanya, na utamu huo kwenye Twine ni nadra.

Maneno yenyewe si mengi. Kwa michezo ya Inform, yaani lugha ambayo michezo mingi ya amri huandikwa nayo: L kutazama, X kuchunguza kitu, I kuona ulichobeba, Z kungoja, G kurudia, N S E W kwa pande, U na D kwa juu na chini. Ongeza TAKE, DROP, OPEN, PUSH, PULL, TURN, UNLOCK kitu WITH kitu, PUT kitu IN kitu, ASK mtu ABOUT jambo. Kwa hayo utafika mbali.

Jifunze pia kusoma majibu ya kukataliwa. Michezo ya Infocom hutofautisha neno isilolijua na kitu kisichokuwepo hapo. Inform inatoa jibu moja kwa yote mawili, kwa makusudi, ili usipekue kamusi yake kutafuta siri. Ukiambiwa kwenye Inform kwamba huoni kitu hicho, jaribu kwanza jina jingine la kitu kabla ya kuondoka chumbani.

Kibodi_Tulivu
Zima kusahihisha maneno kwenye kibodi ya simu. Kibodi iliyowekwa Kiswahili itaigeuza LOOK na DROP iwe kitu kingine, mchezo utakataa, na mtu atadhani amekwama kwenye fumbo.

Kwa wanaotumia kisoma skrini: Gargoyle huchora herufi zake yenyewe, kwa hiyo Orca haina cha kusoma. Tumia `dfrotz -m -w 70 mchezo.z5`, hiyo `-m` inaondoa kusimama kila skrini inapojaa. Kwenye simu, Parchment ni maandishi ya kawaida ya ukurasa na TalkBack inayafikia.

Mchora_Ramani
Mchezo wa kuanzia: tumieni daraja la ukatili ambalo Plotkin alilipendekeza, limeandikwa kwenye kurasa nyingi za IFDB, tovuti ya orodha ya michezo hii. Ngazi ya chini kabisa ni ya huruma, huwezi kukwama. Ya juu kabisa ni ya kikatili: unaharibu jambo leo na hutajua mpaka baada ya saa nzima. Zork I haiko upande wa huruma, taa yake inaisha betri.

Anza na 9:05 ya Adam Cadre, ni fupi. Kisha Lost Pig, mshindi wa IFComp (shindano la kila mwaka la michezo hii) ya 2007, yenye majibu karibu kwa kila upuuzi utakaouandika. Kisha Bronze ya Emily Short, ambayo ina msaada kwa wageni na inakubali GO TO jina la chumba. Anchorhead iwe ya nne. Counterfeit Monkey iache kwanza: mafumbo yake ni ya kuondoa herufi kwenye maneno ya Kiingereza.

Bi_Kiungo
Kuna aliyewahi kuona ya kuandika amri kwa Kiswahili?

Pango_la_Nane
Sina wa kukuonyesha, ila ugumu wake naujua. "Chukua kisu" haina shida. Shida inaanza mchezaji akiandika "kichukue", "uchukue", "zichukue", kwa sababu kiwakilishi kimo ndani ya kitenzi, wakati Inform inategemea neno la pekee kama IT. "Weka ufunguo sandukuni" nayo inataka kila chombo kiandikwe mara mbili, chenye -ni na kisicho nayo. Halafu majibu: mlango umefungwa, kabati limefungwa, chupa imefungwa. Kila kitu lazima kibebe ngeli yake. Inawezekana, ila anayeanza leo na akitaka kumaliza mwezi huu, Twine inamkwepesha yote hayo.

Kandili_ya_Shaba
Nimechagua Fabularium na Gargoyle. Swali la mwisho: faili likishuka na jina la ajabu kama mchezo.bin?

Mchora_Ramani
Lifungue kwa `xxd mchezo.bin | head -1`. Baiti ya kwanza ikiwa 03, 05 au 08 ni mashine Z ya toleo hilo. Likianza na Glul ni ulx. Likianza na FORM ni blorb, kifurushi chenye mchezo ndani yake: tafuta ZCOD au GLUL humo ndani ujue kama ni zblorb au gblorb. Kisha libadilishe jina.

Na ukifika kwenye maze ya Zork I, yaani vyumba vinavyofanana vya kupoteza njia, kila chumba dondosha kitu tofauti ili kukitambua, lakini chora kwenye karatasi papo hapo. Mwizi hupita akiokota alama zako.