Msahafu wa Kartarpur: wachunguzi wafunguliwe mlango au uachwe ulipo?

Mleta mada:
Wakuu, mada ya leo ni ya mbali kidogo, nivumilieni. Hawa tunaowaita Kalasinga, wenyewe Masikh, tangu 1708 hawana Guru mwanadamu. Guru wao ni kitabu, Guru Granth Sahib. Asubuhi hufunguliwa kwa heshima, usiku hulazwa chumbani kwake.

Kitabu chenyewe kilikusanywa Amritsar, India, na Guru Arjan, Guru wa tano. Mwandishi alikuwa Bhai Gurdas, na kazi ikakamilika 1604. Ukoo wa Sodhi, wa Kartarpur iliyo karibu na Jalandhar (si ile ya Pakistani inayotajwa kwenye habari), unasema nakala ya kwanza kabisa iko kwao. Ina karatasi 974. Mwaka 1944 G. B. Singh alitoa kitabu akidai si yenyewe. Mwaka uliofuata msomi mwingine, Jodh Singh, akaenda kuikagua.

Mimi alichokikuta ndicho kinachonivutia. Kurasa tupu tele. Pambizoni kuna maneno ya "sahihi" na "isahihishwe". Tarehe za kufariki Maguru wanne wa kwanza zimeandikwa kwa kalamu moja. Ya Guru wa tano ni mwandiko uleule, ila kalamu nyingine. Sasa jiulizeni: mtu anayenakili kitabu kilichokwisha aache kurasa tupu za nini? Nafasi huachwa na yule ambaye bado anangoja nyimbo nyingine ziletwe.

Kuna pia wimbo wa raga (mtindo wa muziki) ya Ramkali. Kartarpur una mistari miwili tu, halafu nafasi tupu. Kundi jingine la nakala za zamani, liitwalo mkondo wa Banno, linao mzima, na humo imetajwa desturi ya kunyoa nywele za mtoto. Profesa McLeod, mtafiti wa historia ya Masikh, akashuku kwamba Kartarpur palifutwa baadaye kwa kuwa Khalsa, yaani Masikh walioapishwa, hawanyoi. Waliouona mswada wakajibu: hapakufutwa kitu, hapakuandikwa kitu tangu mwanzo. Shuku ya miaka ikajibiwa na macho. Ndiyo hoja yangu: fungueni, watu waone, hata karatasi ipimwe umri.

Mpitanjia:
Mkuu, umeruka sehemu yenye moto. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev, Amritsar, kilinunua mswada kwa wauzaji wa vitabu vya kale, ukapewa namba 1245. Pashaura Singh, akisomea udaktari Toronto, akaandika kwamba hiyo ni rasimu ya Guru Arjan mwenyewe kabla ya 1604. Maana yake Guru alikuwa akirekebisha maneno, na kwa waumini maneno hayo yametoka kwa Mungu. Mswada umetoka dukani, hakuna anayejua ulilala wapi miaka mia tatu na zaidi, halafu unautumia kumsahihisha Guru? Hata mimi nisiye Sikh ningekasirika.

Mleta mada:
Kuhusu 1245 niko nawe, asili yake ni dhaifu mno kubebeshwa mzigo ule. Lakini alijibiwaje? Vitabu vya kumpinga viliandikwa, sawa kabisa. Ila 1994 aliitwa pia mbele ya Akal Takht, mamlaka kuu ya dini ya Masikh, na akakubali kutumikia adhabu. Kabla yake kitabu cha Piar Singh, kilichochapwa 1992 na chuo hichohicho, kiliondolewa sokoni. Msomi akikosea mwonyeshe karatasi. Ukimwita barazani, wa nyuma yake watajifunza kunyamaza.

Dada wa Makindu:
Naomba niseme kama jirani. Gurdwara (hekalu la Masikh) ya Makindu, barabara ya Mombasa, nimekula pale mara nyingi, bure, bila kuulizwa dini. Nimeona jinsi kile kitabu kinavyopepewa kama mtu mzima aliyeketi. Sasa kaka unasema kipimwe. Kupima umri wa karatasi ni kukata kipande. Utamkata Guru kipande? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fundi wa Maabara:
Dada yuko sahihi kwa sababu nyingine pia. Kipimo cha kaboni hutoa kipindi cha miaka, mara nyingi makumi kadhaa. Ugomvi wa kama ni 1604 au miaka michache kabla yake hakiwezi kuuamua, hata ugomvi wa 1604 na 1640 kitauyumbia. Tena kinapima karatasi, na karatasi ya zamani yaweza kuandikwa jana. Kinachofaa ni picha za mwanga maalumu: zinaonyesha wino uliokwanguliwa na kalamu iliyobadilika, na hakuna kinachokatwa.

Mleta mada:
Hapo nimeshika adabu. Dada, neno "kupima" nalifuta. Nabaki na picha tu, kila ukurasa, pamoja na zile tupu. Hasa zile tupu.

Mpitanjia:
Na zitatunzwa na nani? Juni 1984 jeshi la India lilipoingia Hekalu la Dhahabu la Amritsar, maktaba ya Masikh iliyokuwa mle na miswada yake ilitoweka. Mpaka leo wanabishana kama iliungua au ilibebwa. Ukishapoteza maktaba nzima namna hiyo, mgeni anayebisha hodi na kamera utamfungulia?

Dada wa Makindu:
Apige mmoja wa Sodhi wenyewe, nyumbani kwao, viatu nje na kichwa kimefunikwa. Kamera haichagui mkono.