Vishikwambi 40, ruta moja ya sebuleni, halafu mnasema mwalimu hataki teknolojia!

Wakuu,

Hili limenikaa kooni na leo nalitema. Kila mradi wa "darasa la kidijitali" unaanzia kwenye vifaa vya kupigia picha siku ya uzinduzi. Mtandao wa kuvibeba unakuja mwishoni, tena kwa makombo ya bajeti. Somo likikwama, mzigo wote anatwishwa mwalimu: eti hajui kompyuta, eti anaogopa mabadiliko. Hebu tupige hesabu.

Video ya somo inayosomeka vizuri kwenye kioo kidogo inakula kama megabiti 1 kwa sekunde. Wanafunzi 40 wakiifungua kila mmoja kwenye kishikwambi chake, hizo ni megabiti 40 kwa mpigo. Laini iliyolipiwa ni megabiti 10, na ofisi ya mhasibu imo humohumo! Upande wa bando ndio balaa zaidi: megabiti 1 kwa sekunde ikienda saa nzima ni megabaiti 450 (megabiti 8 ndizo megabaiti 1). Zidisha mara 40, ni gigabaiti 18 kwa saa moja, darasa moja. Nani aliiweka kwenye bajeti?

Na msikimbilie kusema "tuongeze spidi". Mkileta hata megabiti 100, zitaishia kwenye ileile ruta ya nyumbani iliyofungwa kona ya darasa. Kwenye Wi-Fi, vifaa vilivyo chaneli moja, yaani njia moja ya hewani, vinapokezana, kimoja kikirusha vingine vinangoja. Kishikwambi cha dawati la nyuma kinachopata mawimbi hafifu kinarusha polepole, kinakaa na zamu muda mrefu, na darasa zima linakisubiri. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, lakini fundi anafunga ruta madarasa manne yanayopakana na kuziacha zote kwenye chaneli moja. Wengine wanaongeza vile vidude vya kuchomeka ukutani eti vinarefusha mtandao. Vingi vyake vinapokea na kurusha kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila kitu kinapita hewani mara mbili na kasi inashuka karibu nusu.

Dawa inajulikana. Kila darasa lipate kisambaza mawimbi chake cha kazi nzito, kifungwe juu darini, kiunganishwe kwa kebo hadi kwenye swichi (kisanduku cha kugawia kebo za mtandao), kitumie masafa ya gigahezi 5 badala ya 2.4, na nguvu yake ipunguzwe kisiingilie darasa la jirani. Lakini kebo haipendezi kwenye picha, basi inafutwa kwenye orodha ya manunuzi.

Kuna jingine linaloniudhi kwa sababu kulirekebisha ni dakika tano. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kugawa anwani za IP (namba ambayo kila kifaa hupewa ili kitumie mtandao) chache, mathalani 100, na kifaa kikipewa anwani kinaishikilia saa 24. Asubuhi madarasa mawili yanachukua zao, simu za walimu na wageni zinamalizia. Darasa la mchana linaona mawimbi yamejaa pomoni lakini vishikwambi vinazunguka tu, "inapata anwani ya IP". Ingia kwenye mipangilio, panua idadi ya anwani, shusha muda hadi saa 1 au 2, na simu zitengewe mtandao wake. Basi!

Tazameni pia zile kompyuta za mezani za msaada. Kibetri cha duara kinachotunza saa kwenye ubao mama (bodi kuu ya ndani), CR2032, kimekufa. Umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari kinalinganisha tarehe hiyo na cheti cha tovuti (kitambulisho chake chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha), kinaona cheti hakijaanza hata kutumika, kinagoma: "muunganisho si salama". Ripoti inaandikwa kwamba intaneti ni mbovu, na mashine nzima inatupwa stoo kwa ajili ya kibetri kinachobadilishwa kwa bisibisi.

Kinachonichoma kuliko vyote ni kwamba sehemu kubwa ya bando hilo haikuhitajika. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti ya kutegemewa. Kiwix nayo inaifungua Wikipedia bila intaneti kabisa. Unapakua masomo usiku mara moja, unayaweka kwenye seva ndogo, hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja) yenye diski ya nje, unaichomeka kwa kebo kwenye swichi. Watoto wanafungua video bila bando la nje kuguswa. Intaneti inabaki kwa kazi za kutuma na somo la mubashara.

Na hilo la mubashara, darasa lote liingie kwa kifaa kimoja: projekta moja, spika moja, maikrofoni moja ya kupitishwa. Vishikwambi 40 vikiingia chumba kimoja na maikrofoni wazi, sauti inajirudia hadi mwalimu wa upande wa pili anakata.

Sasa ninyi mnaosaini kupokea miradi hii: msisaini kwa kuhesabu maboksi. Washeni vifaa vyote, madarasa yote, siku ya masomo, vicheze video dakika 20 pamoja. Kikigoma kimoja, mkandarasi arudi na ngazi yake. Na mwalimu apewe paswadi za wanafunzi wake wiki moja kabla ya kipindi cha kwanza, siyo asubuhi hiyohiyo mbele ya mgeni rasmi.